Tahadhari: geji za Smiths "zilizokarabatiwa" zenye uso mpya na mashine ya gari jingine

Wenye MGB, Triumph na Austin-Healey, magari ya zamani ya Kiingereza yenye geji za kampuni ya Smiths, kuweni macho. Kuna wauzaji wa mtandaoni wanaochukua mashine ya speedomita ya gari lolote la Kiingereza, wanabandika uso mpya uliochapishwa, wanavisha pete ya kromu, kisha wanaiuza kama geji halisi ya gari lako. Kwa macho inapendeza kabisa, na hapo ndipo watu wanapoliwa.

Tazama namba ndogo kwenye uso, kwa mfano 1000 au 1280. Ni mizunguko ya kebo kwa kila maili. Mashine ya 1000 iliyovishwa uso wa 1280 itakuonyesha karibu maili 77 kwa saa ilhali unakwenda 60, na odomita (kihesabu umbali) nayo itahesabu umbali usioutembea. Kwa geji ya kilomita gawanya kwa 1.609: 1280 inakuwa 795.

Usiagize kabla hujajua namba ya gari lako, hasa kama giaboksi au difu iliwahi kubadilishwa. Chomoa kebo nyuma ya speedomita, bandika kipande cha karatasi ngumu kwenye waya wa ndani, sukuma gari mita 16.09 kwa mstari ulionyooka, uhesabu mizunguko. Ikifika 12.8, namba yako ni 1280. Kisha mdai muuzaji video: geji ya 1280 ikizungushwa mara 1,280 kwa dakika, mshale usimame kwenye maili 60. Akikataa, achana naye.

Kwenye tachometa za umeme (geji za mizunguko ya injini) hatari ni kubwa zaidi. MGB za kabla ya mwishoni mwa 1967 zilifungwa nguzo chanya ya betri kwenye chasi, baadaye hasi. Uso ulioandikwa "NEG EARTH" (hasi kwenye chasi) hauthibitishi kilichomo ndani, na ukigeuza nguzo unaweza kuunguza transista. Omba picha ya nyuma: kati ya aina mbili za tachometa hizi, RVI ina kitanzi cha waya unaopitisha umeme wa koili, RVC haina.

Geji ya joto yenye mrija mwembamba ina etha ndani. Wang'oaji wa vipuri hukata mrija kwa haraka, wengine wanaulehemu ukiwa mtupu. Itumbukize balbu yake kwenye maji yanayochemka: pwani isome karibu 212 °F, Nairobi karibu 201 kwa sababu ya mwinuko. Isiposogea imekufa, na kuijaza upya ni kazi ya fundi maalumu.

Mkitakiwa mtume geji yenu ya zamani ili mbadilishane, ipigeni picha mbele na nyuma na muweke alama ndani ya kopo lake. Wengine hubaki na nzima na kurudisha takataka. Mlio Uingereza, mkinunua dukani moja kwa moja kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974 kinawaruhusu kuidai benki pia.