RAV4 ya kukodi kutoka Mbeya kwenda Malawi: gari zuri, ila anzia kwenye karatasi

Habari zenu wadau, karibuni. Hili hapa nyuma yangu ni RAV4 ya petroli, otomatiki, nimelikodi hapa Mbeya kwa ajili ya likizo ya Malawi. Wengi mnauliza kama gari la kukodi linavuka mpaka wa Kasumulu. Linavuka, ila si kila gari, na dalili ya kwanza unaiona kabla hujafungua mlango.

Sogeza kamera hapa. Namba nyeupe, gari la biashara. Ukiletewa lenye namba ya njano, ukaambiwa "twende tu bosi, hili la kaka yangu", ujue limesajiliwa kwa matumizi binafsi. Likigonga mtu wakati umelikodi, kampuni ya bima ina pa kushikia ikitaka kukataa kulipa. Ingiza namba kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, uone kama bima iko hai, halafu kwenye mfumo wa trafiki uone kama linadaiwa faini. Shilingi 30,000 kwa kila kosa, zinalimbikizana hizo, na ukisimamishwa Tukuyu atakayejieleza ni wewe uliyeshika usukani. Mwenye gari yuko zake Soweto hapa Mbeya anakunywa chai.

Kwenye faili la safari hawa jamaa walionikodishia nawapa maksi zote. Kadi ya gari imo, na barua ya mwenye gari ina muhuri wa wakili: jina langu, namba ya pasipoti, nchi ninayokwenda, tarehe ya kutoka na ya kurudi. Halafu kuna hii, kadi ya njano ya COMESA, bima ya gari ya kuvukia mipaka. Bima yetu ya kawaida inaishia Mto Songwe, pale mpakani. Ukishavuka daraja, ukimgonga mtu Karonga, hii ndiyo inayokubeba, na Zambia vilevile kwa mnaopitia Tunduma. Tanzania ilijitoa kwenye jumuiya ya COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango huu wa bima tumo. Sasa sikia: inalipia madhara kwa mtu wa tatu, yaani uliyemgonga, na matibabu ya mliomo garini, si gari lako. Gari lenyewe likilala mtaroni kule ng'ambo, nani anatengeneza? Uliza kabla hujalipa, na jibu liandikwe kwenye mkataba, maana maneno ya mdomoni yanasahaulika haraka sana.

Upande wa Malawi forodha watakupa kibali cha muda cha gari. Kina tarehe ya mwisho, kwa hiyo usimwachie gari shemeji yako Karonga ukarudi na basi.

Haya, barabarani. Mbeya tuko juu kama mita 1,700, Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Huo mteremko wote unashuka nao, na sehemu kubwa ni baada ya Tukuyu kwenda Kyela. Anayekanyaga breki mwanzo mwisho atazinusa zikiungua, na breki iliyochemka haishiki. Hili lina kitufe cha O/D (overdrive, gia ya juu kabisa) pembeni ya gia: izime, na mteremko ukizidi weka 2, injini ilizuie gari. Hapo limenifurahisha, limetulia kabisa. Isongole, kabla hujafika Tukuyu, ukungu unaweza kukukuta hata saa sita mchana. Washa taa za chini, maana ukiweka full mwanga unakurudia machoni. Na zile hazadi za kuwasha huku unatembea, acheni jamani, aliye nyuma hajui kama umesimama au unakata kona. Vibao vya 50 viko kila kijiji, na trafiki wako kila baada ya vibao.

Kilichonikera ni tairi la spea, kipara kabisa. Nimegoma kuondoka mpaka likabadilishwa. Pembetatu zilikuwa mbili, mtungi wa kuzimia moto haujaisha muda. Nimepiga video gari zima, kila mkwaruzo na geji ya mafuta, mwenye gari akiwa amesimama pale pale.

Mafuta jaza Kyela, maana Malawi miaka hii petroli imekuwa ikiadimika mara kwa mara.

Kwa Karonga na lami ya kando ya ziwa, hili ningelichukua tena bila kufikiri. Kama unataka kupanda Livingstonia kutokea Chitimba, zile kona kali za mawe na vumbi, kodi gari lililonyanyuka zaidi, na hakikisha mkataba unaruhusu barabara mbovu.