TAHADHARI: Begi la "lita 60" linaloletwa na bodaboda hapa Dodoma

Wadau wa Dodoma, hasa mnaojiandaa kwenda Hanang au kusafiri mwisho wa mwaka: kuna muuzaji wa mabegi ya mgongoni anazunguka mtandaoni, na watu kadhaa wa kikundi chetu cha kupanda milima wameshalizwa naye. Anatangaza begi la lita 60, "safari na mlima kwa pamoja", lenye fremu (kiunzi kigumu cha mgongoni), lisiloingiza maji, kwa shilingi 95,000. Kinachofika ni begi la shule lililoongezewa mikanda. Ukurasa siutaji kwa sababu jina linabadilika kila akishtukiwa. Ila picha ni zilezile na mtindo ni uleule, kwa hiyo ushikeni mtindo.

Huyu haombi hela mapema. Anakwambia utalipa mzigo ukifika, na hapo ndipo watu wanapolegea, maana wote tumefundishwa kwamba tapeli ni yule anayetaka utume kwanza. Unamwelekeza ulipo, Kisasa au Area C au Makulu, bodaboda anakuja na furushi lililozungushiwa nailoni nyeusi na selotepu mpaka hujui juu wapi chini wapi. Ukitaka kufungua, kijana wa watu anakwambia, "Kaka, mimi nimetumwa tu. Bosi kasema hela kwanza, mzigo haufunguliwi." Wala hadanganyi, kweli katumwa. Dakika hiyohiyo simu inaita, muuzaji mwenyewe, sauti ya upole kabisa: dada angu mlipe haraka, boda ana mzigo mwingine unasubiriwa Nanenane stendi. Unatuma hela, pikipiki inaondoka, ndipo unatafuta kisu cha kukatia selotepu.

Dada mmoja, mwalimu, alituletea la kwake tukalipima kwa futi kamba ya fundi cherehani. Urefu sentimita 48, upana 30, kina 18. Zidisha zote tatu, gawanya kwa 1,000, unapata lita: hazifiki 26. Kuna mtu atasema mifuko ya pembeni inaongeza. Inaongeza, sawa, lakini haiongezi lita 34. Nembo ya "60L" ipo, imetariziwa vizuri kwa uzi mwekundu, pengine ndiyo kazi pekee iliyofanywa kwa moyo kwenye begi zima. Mkanda wa kiuno ni utepe mtupu usio na sponji, umeshonewa kwenye bitana kwa mstari mmoja wa uzi. Tukaweka chupa sita za maji za lita moja na nusu, yaani kilo 9, tukalinyanyua kwa kulivuta mara moja, na uzi ukaachia. Tukachana mgongoni kuitafuta fremu. Tukakuta boksi. Boksi la katoni, limekunjwa mara mbili, maandishi ya biskuti bado yanasomeka. Jasho la nusu saa tu lingeligeuza uji.

Mwalimu akampigia kulalamika. Hapo ndipo kuna ndoano ya pili. Muuzaji hakukataa wala hakukasirika. Akaomba radhi, akasema dogo wa stoo kachanganya mzigo, lile lilikuwa la daraja la chini, aongeze 35,000 aletewe lile lenyewe. Mwalimu alishtuka, hakutuma. Mwenzetu mwingine alituma, na tangu hapo simu inaita bila kupokelewa, ukurasa haufunguki. Baada ya siku chache zile picha zikaonekana tena kwenye ukurasa mwingine wenye jina jipya, na maoni yamefungwa.

Kuhusu picha, kuna mambo ya kuyatazama. Begi halionekani hata mara moja likiwa mgongoni mwa mtu. Kila video limening'inizwa ukutani, limejazwa makaratasi limevimba, na kamera haizunguki nyuma kwenye mikanda. Picha nyingine zina theluji na miti ya misonobari, wakati muuzaji anasema stoo yake ipo karibu na Sabasaba. Chukua picha uitafute kwa Google Lens, utaikuta kwenye maduka ya nje yenye jina na bei nyingine kabisa. Mwombe video fupi akiwa amelivaa begi huku amelifunga kiunoni. Mwenye bidhaa atakutumia, ni kazi ya dakika moja. Huyu atakwambia yupo njiani, stoo imefungwa, mwenye funguo kasafiri.

Sasa, anatamba na hiyo lita 60 kwa sababu wengi wetu tunadhani mlima unahitaji begi kubwa. Nani kakwambia? Hata Kilimanjaro, ambako anasema begi lake "limepanda", mpandaji anabeba begi dogo la siku tu, lenye maji, koti la mvua na vitafunwa. Mizigo mingine wanabeba wapagazi. Hanang ni zaidi ya mita 3,400 na maji unapanda nayo kutoka chini, kwa hiyo uzito upo, lita moja ni kilo moja. Lakini kwa kwenda na kurudi siku hiyohiyo, lita 30 hivi zinatosha. Anayetaka begi moja la kupanda nalo basi au SGR kwenda Dar, kisha alitumie mlimani, atafute la lita 35 hadi 45. La 60 ukilibeba nusu tupu linayumba mgongoni, ukilijaza utajaza vitu usivyovihitaji.

Na ukishajua lita, bado hujajua begi. Begi la mlima hubebwa kiunoni. Mkanda wa kiuno mnene, uliounganishwa na fremu, unapeleka sehemu kubwa ya uzito kwenye nyonga, mabega yanabaki kulishikilia lisirudi nyuma. Ndiyo maana urefu wa mgongo wako una maana kuliko urefu wako wa kusimama. Inamisha kichwa, papasa kifupa kinachojitokeza chini ya shingo. Halafu shika kiuno, vidole gumba vikielekea nyuma, juu ya mifupa ya nyonga. Mtu akupimie kutoka kile kifupa hadi usawa wa vidole gumba. Begi zuri huandikwa linafaa mgongo wa sentimita ngapi, au lina mikanda inayopanda na kushuka. Mwulize muuzaji wako swali hilo moja tu. Huyu wa kwetu alijibu, "Hilo ni free size dada."

Kwa matumizi yote mawili mimi napenda linalofunguka zipu pande tatu kama sanduku, maana kwenye gesti hutaki kumwaga kila kitu kitandani ili upate soksi. Ila zipu ndefu kwa vumbi la hapa kwetu ni mtihani. Vuta zipu huku na huku ukiwa umebana begi kama vile limejaa; ikikwama dukani, itakufia Kondoa. Angalia pale mikanda ya mabega inapoungana na begi: ushonaji wa maana una nyuzi zilizobanana zimerudiwarudiwa mahali pamoja. Kuhusu "haliingizi maji", kitambaa kinaweza kuzuia manyunyu, lakini maji hupita kwenye mishono na zipu. Beba kava la mvua, na nguo ziweke kwenye mfuko mzito ndani.

Kama bajeti ni hiyo 95,000, mtumba unakupa begi la kweli, na faida yake kubwa ni kwamba unalivaa hapohapo. Nenda mapema belo linapofunguliwa, jaza chochote kizito kilicho karibu, funga kiuno kwanza, ndipo uvute mikanda ya mabega. Ukisikia mabega yanapumua, hilo ndilo. Klipu iliyovunjika isikutishe, fundi anaibadilisha. Fremu iliyopinda au sponji iliyokuwa unga, achana nalo.

Na ukinunua kwa mtu wa mtandaoni, mwambie tangu mwanzo kwenye ujumbe wa maandishi kwamba mzigo unafunguliwa kabla ya malipo, na asipokubali basi. Unapolipa, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Wetu wawili walituma kwa namba moja ambayo jina lake halifanani hata kidogo na la muuzaji, na simu iliwaonyesha kabisa.

Walioshapigwa: msiongeze hata shilingi, hata akiwaapia. Pigieni huduma kwa wateja wa mtandao wenu mara moja, kwa sababu hela ikishatolewa kwa wakala hakuna cha kurudisha. Ujumbe wake na namba yake tumeni 15040, ile ya kuripoti utapeli. Kisha nendeni polisi na ujumbe wa muamala na begi lenyewe, msilitupe. Kwa suala la bidhaa bandia ipo pia Tume ya Ushindani, FCC. Piga picha za mazungumzo yote leo hii, maana huyu ana tabia ya kufuta jumbe upande wake usiku, na mwalimu wetu alibaki na nusu ya mazungumzo. Bodaboda waliotumika msiwafanyie fujo. Mmoja tumeshaongea naye, anakumbuka kona anayopewa mizigo, na yupo tayari kwenda kuieleza kituoni. Aliye na risiti ya muamala aniandikie inboksi kabla ya Ijumaa ili twende pamoja.