TAHADHARI: Injini ya Peugeot 504 "iliyofungwa upya" upande wa Changamwe, Mombasa, msitume hata shilingi

Ndugu zangu wa 504, yule fundi wa injini tuliyemsifu mwezi uliopita ni mwizi. Naandika nina hasira na nina aibu, maana mimi ndiye niliyewaambia "huyu anajua kazi". Neno hilo nalifuta leo. KSh 145,000 zimekwenda, na tulichobeba ni chuma chakavu kilichopakwa rangi ya fedha.

Siku ya kuiona, injini ilikuwa juu ya stendi ya chuma pale mlangoni. Ni ile aina ya XN1 ya kabureta, cc 1,971, hedi (kichwa cha injini) inang'aa, gasketi ya kifuniko cha roka mpya, kila bolti imepigwa brashi. Betri chini, radieta imeegemezwa kwenye kreti la soda, petroli kwenye chupa iliyoning'inizwa juu ya kabureta. Akageuza ufunguo mara moja tu, ikashika. Moshi hakuna, kugonga hakuna. Akachukua glasi ya maji akaiweka juu ya kifuniko cha roka. Maji yakatetema, hayakumwagika hata tone.

Nikagusa ubavu wa bloku. Ulikuwa wa moto tayari, na ndiyo kwanza tumewasha. Nikamuuliza. Hakubabaika: "Ami, nimekupunguzia kazi. Zile dakika 20 za kwanza za kemishafti, shafti inayofungua valvu, nimeshazipitisha asubuhi, wewe ni kufunga garini tu."

Jibu hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu ni jibu la mtu anayejua. Injini hii ni ya tapeti bapa na fimbo za kusukuma. Kemishafti mpya na tapeti mpya (vile vipande vinavyokanyagwa na kemu) zinaoana katika dakika 20 za moto wa kwanza, yaani injini inapowashwa kwa mara ya kwanza baada ya kufungwa, injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, ukipandisha na kushusha kidogo. Huiachi ingurume polepole, maana pembe za kemu zinategemea oili inayorushwa na krankishafti, na ikizunguka polepole oili hairushwi ya kutosha. Pembe moja ikikwaruzwa hapo imekwisha, na unga wake wa chuma unazunguka na oili hadi kwenye beringi. Nani anayauza haya maneno bila kuyajua?

Na si hilo tu. Alihesabu silinda ya kwanza kutoka upande wa flaiwili, kama Peugeot wanavyohesabu, si kutoka kwenye radieta kama wanavyofanya wengi wanaozoea Toyota. Akaniambia mpangilio wa silinda kuwaka, 1-3-4-2, bila kuulizwa. Akanionyesha vibano vya kukandamizia slivu, mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, hedi ikiwa imetolewa. Mwisho akaleta gunia: slivu nne kuukuu na pistoni zake, "hizi ndizo nilizotoa kwenye injini hii, zichukue uziweke kama ushahidi". Mtu wa namna hiyo unamdaije risiti ya spea? Ndivyo nilivyojiambia, nikatuma pesa yote palepale.

Injini ikafungwa garini. Tukamwaga oili yake ili kuweka mpya ya 20W-50, lita nne. Ilishuka polepole kama asali, na ilikuwa na ile harufu kali ya kiberiti. Harufu hiyo kila fundi anaijua, ni oili ya gia. Tukasema huenda ni mafuta ya kufungia, yale unayopaka beringi wakati wa kuunga. Hapa sina la kujitetea.

Tulifanya kila kitu kwa utaratibu, kana kwamba ni moto wa kwanza, na nashukuru tulifanya hivyo. Filta ilijazwa oili kabla ya kufungwa. Oili ikamiminwa juu ya roka. Plagi nje, waya wa koili umechomolewa, tukapiga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili ikazimika. Bakuli la kabureta likajazwa petroli kwa mkono ili isitafute moto muda mrefu, kwa sababu kila mzunguko wa bure unafuta mafuta kwenye kemu. Pointi za kuwashia zikapangwa pengo la 0.40 mm. Mtu mmoja kwenye kanyagio, mmoja chini anaangalia kuvuja, kizima moto pembeni.

Ikawaka. Dakika ya nne, joto likipanda, moshi wa bluu ukaanza nyuma. Dakika ya sita taa ya oili ikapepesa tukiwa kwenye mizunguko 2,000, na chini ikaja sauti: ko, ko, ko, nzito, inayofuata kanyagio. Tukazima. Kijiti cha oili kikatoka na rangi ya chai ya maziwa.

Tukaiacha ipoe mpaka asubuhi, kisha tukalegeza nati ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, taratibu. Yalitangulia kutoka maji. Ni sawa, maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini. Yalitiririka safi kama nusu kikombe, yenye rangi ya kijani ya dawa ya radieta, ndipo ukafuata uji wa kijivu. Sampu iliposhuka, chujio la pampu ya oili lilikuwa limezibwa na nyuzi za silikoni nyekundu. Beringi za konrodi ni zile zile za zamani, zimekwisha mpaka shaba inaonekana, na mgongoni mwake zimekwaruzwa kwa msasa ili zing'ae. Hedi ilipotoka, ukipitisha ukucha ndani ya slivu kwenda juu, unakwama kwenye ngazi pale ringi ya kwanza inapogeukia. Michirizi iliyokatana ambayo slivu mpya huwa nayo haipo hata moja. Chini ya slivu, mahali pa sili zake, amepaka silikoni. Na moja ilikuwa imeinuka, maana aliizungusha krankishafti hedi ikiwa nje bila kufunga vile vibano alivyonionyesha kwa mbwembwe. Huo ndio mlango wa maji kuingia kwenye oili.

Halafu lile gunia. Tulizipima upana wa ndani slivu zake kwa venia, kipimo cha milimita: 84 mm. XN1 ni 88. Hizo ni za injini ya cc 1,796, XM7, gari jingine kabisa! Kwenye injini yangu hakuchomoa kitu. Gunia hilo nadhani limeshazunguka kwa wateja wengi.

Kwa hiyo injini ilioshwa kwa mafuta ya taa, ikapakwa rangi, ikapewa gasketi za nje na kujazwa oili ya gia ili izibe pengo la beringi na kunyamazisha ule mlio wa kugonga. Na iliwashwa asubuhi kabla sijafika, kwa kuwa kuwashwa kwa kwanza, injini ikiwa baridi, ndiko kunakosema kweli. Alininyima moto wa kwanza kisha akaniuzia kama fadhila.

Mtu huyu asiachwe. Simu hapokei, na aliyemfuata dukani aliambiwa amesafiri, huku stendi iko mlangoni na injini nyingine juu yake, rangi ile ile. Nasema wazi: kila aliyelipa aandike taarifa polisi, na twende Mahakama ya Madai Madogo kila mtu na dai lake; inasikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000, na huhitaji wakili. Jina lake nitalitaja huko. Picha za beringi, ujumbe wa malipo, sauti alizotuma, msifute chochote. Mtu anayemuuzia mwenzake injini hii halafu mwenzake akapanda nayo mlima wa Mazeras na watoto nyuma, huyo si mfanyabiashara. Arudishe pesa, alipe na kazi ya kufungua, na afungiwe mlango.

Dalili, kwa wanaouliza, nazitaja kwa haraka maana bado mikono inatetemeka. Injini ikiwa ya moto ulipofika, ondoka, rudi kesho alfajiri. Ufunguo ukiwashwa kabla ya stata, taa ya oili LAZIMA iwake. Pale stendini hakukuwa na taa yoyote na sikuuliza. Nusa oili. Mwambie ashushe sampu mbele yako, ni bolti tu na gasketi. Pima kompresheni (mgandamizo wa silinda) ikiwa baridi, kisha mimina kijiko cha oili kila silinda upime tena. Ikipanda sana, ringi au slivu zimekwisha. Lakini oili nzito nayo inapandisha kipimo, kwa hivyo ibadilishwe kwanza. Slivu za kwenye gunia zipime. Na asiyekupa risiti ya dukani ya spea hakununua spea.

Walioshafunga injini yake garini na haijagonga bado: msiendeshe. Mwageni oili leo, angalieni chujio la sampu. Ikiwa mmebahatika na ni nzima, hedi ikazwe upya baada ya moto wa kwanza, injini ikiwa imepoa kabisa, halafu mapengo ya valvu yapangwe, 0.10 mm ya kuingiza na 0.25 mm ya kutoa, ikiwa baridi.

Yetu iko wazi mezani, gunia liko chini yake. Anayetaka kuona kabla hajatuma pesa aje, aje na venia yake.