Nilisaini matundu manne, nikaamka na mshono chini ya mbavu

Niseme kwanza yaliyo ya haki. Mawe ya kwenye nyongo yametoka. Yale maumivu ya usiku yaliyokuwa yananibana chini ya mbavu za kulia na kupanda mpaka begani yameisha, na sasa nakula parachichi bila woga. Lakini yule kijana wa fomu sijamsamehe, na pale hospitali sirudi.

Mimi nina kovu la zamani, kutoka chini ya kifua mpaka kitovuni. Miaka mingi nyuma vidonda vya tumbo vilinifikisha pabaya, nikakatwa sehemu ya mfuko wa chakula. Kwa hiyo altrasaundi ilipoonyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo, nikapewa rufaa ya kwenda hospitali moja kubwa hapa Mbeya ili mfuko huo utolewe, swali langu lilikuwa moja tu: na hili kovu je?

Swali hilo nililiuliza. Asubuhi ya baridi ile ya kwetu, nimekaa kwenye benchi la korido, kijana wa koti jeupe akaja na karatasi. Shikamoo hakuna. "Mama, saini hapa." Nikamwambia, "Dokta, mimi nilishapasuliwa tumbo zamani, haitaleta shida?" Hakuinua hata uso. "Iko kwenye faili hiyo. Ni matundu madogo tu, keshokutwa uko nyumbani. Saini, wenzako wanasubiri." Kifungua mimba wangu ni mkubwa kuliko yeye. Nikasaini.

Hiyo "keshokutwa" ndiyo niliyoipangia maisha. Nina viazi Isyonje, vilikuwa vimeshakomaa. Nikaongea na vibarua, nikaongea na mwenye gari, nikamwambia mwanangu nitakuwepo mwenyewe wakati wa kufunga magunia, maana usipokuwepo unapigwa lumbesa, gunia la kujazwa kupita kipimo, huku unaitwa mama.

Nusu kaputi ilipoisha nikapapasa tumbo. Bandeji ndefu, upande wa kulia, chini ya mbavu. Nikamuuliza nesi, akasema, "Walibadilisha, mama, pumzika." Walibadilisha nini? Akaenda zake. Usiku ule sikulala. Nilijua wamekuta saratani wananificha. Kisha nikajua wamekosea kukata. Nikawa nahesabu watoto wangu, nani atabaki na nani. Usiku mzima, kwa sababu ya maneno ambayo mtu angeyasema kwa dakika tatu.

Maana asubuhi daktari mpasuaji mwenyewe alikuja, akanisalimia, akavuta kiti, akayasema kwa dakika hizo hizo tatu. Kwamba mtu akishapasuliwa tumbo, vitu vya ndani hushikana wakati wa kupona: mafuta ya tumbo, utumbo na ini vinagandana kama ukoko na sufuria. Kwamba tundu la kwanza alilitoboa mbali na kovu, akikata taratibu huku anaona, asije akatoboa utumbo ulioganda pale. Alijaza hewa, akaanza kubandua. Alipofika shingoni mwa mfuko wa nyongo hakuweza kuutofautisha mrija wa kukata na ule mkubwa unaotoka kwenye ini, na ukikata huo mkubwa umemharibia mtu maisha. Basi akaacha matundu, akafungua tumbo kwa mkato mrefu. Akaniambia wenye makovu kama langu wengi humalizwa kwa matundu vizuri tu, ila kila mmoja lazima ajue kabla kwamba huenda akafunguliwa. Na zaidi: huenda hata mawe yenyewe yalitokana na upasuaji ule wa zamani, kwa sababu mfuko wa chakula ukikatwa, mishipa ya fahamu inayokwenda kwenye nyongo inaweza kukatika nayo, mfuko wa nyongo ukawa haujikamui, nyongo ikatuama mpaka ikaganda.

Nililia. Kumbe yote haya yalikuwa yanajulikana! Mtu huyu aliniokoa kwa kukubali kuacha matundu, na mimi usiku kucha nilikuwa namlaani.

Nikaambiwa nisinyanyue kizito kwa wiki sita. Viazi vikavunwa bila mimi, na bei niliyoletewa sitaki hata kuitaja. Safari ya kurudi, kuanzia Uyole kila tuta nilikuwa nimeushika mshono kwa kanga iliyokunjwa, namkumbuka yule kijana. Angesema tu "huenda", ningemtafuta mtu wa kusimama shambani. Angesema "huenda" nisingeandika wosia kichwani.

Nimesema sirudi. Lakini wiki hii shemeji yangu wa Kiwira amepimwa, naye ana mawe, naye alishapasuliwa tumbo kama mimi, na ameniuliza aende wapi. Nimemwambia aende palepale, kwa daktari yuleyule, sijui wa kumzidi. Ila akiletewa fomu kwenye benchi asiguse kalamu. Aseme nitasaini mbele ya atakayenipasua, akishaliona kovu langu kwa macho yake. Na mimi nitakwenda naye, nikae hapo hapo koridoni.