Wakala wa safari za ng'ambo hapa Kigoma mjini: nyota 2 kati ya 5, na moja ni ya yule dada wa semina

Jina la ofisi sitaji, Kigoma yetu ndogo hii, leo unamsema mtu kesho mmekutana Kibirizi mnagombea fungu moja la migebuka. Nilienda na mume wangu mwezi uliopita. Mi ni nesi wa diploma, yeye fundi umeme wa mtaani, kazi anaijua ila vyeti hana. Tulilipa elfu 30 kila mtu, semina ya siku moja na kusaidiwa fomu.

Mapokezi safi, feni inazunguka, maji yapo. Tatizo lilianzia kwenye meza ya fomu. Kaka wa pale akamuuliza mume wangu anataka nchi gani, kasoma wapi, uzoefu miaka mingapi, af akanigeukia mimi, "Na wewe shemeji, mzee amekuruhusu?" Na mzee mwenyewe kakaa pembeni yangu! Yeye hakuulizwa kama nimemruhusu. Nachungulia fomu naona nimeandikwa mtegemezi, mwombaji mkuu ni mume. Nikamwambia kaka samahani, mwenye cheti hapa ni mimi. Akanijibu ndo utaratibu, baba anatangulia mama anafuata.

Jamani hilo neno mtegemezi sio pambo la fomu, huko kwa wenzetu ndo linaamua utaishije. Marekani mtu akiingia na viza ya wataalamu, H-1B, mwenza wake anapewa H-4, na wengi wenye H-4 ni wanawake, miaka na miaka hawakuruhusiwa kufanya kazi yoyote mpaka 2015 ndo baadhi wakafunguliwa, wale ambao wenza wao wako kwenye foleni ya green card, kile kibali cha kuishi kule moja kwa moja. Yaani mtu ana digrii yake kakaa ndani anasubiri mume arudi, na ndoa ikivunjika kibali nacho kimekwenda na mwanaume. Kanada kwenye Express Entry, mpango wao wa kuchukua wageni wenye ujuzi kwa pointi, mke na mume mnaruhusiwa kupiga hesabu, mwenye pointi nyingi ndo anakuwa mkuu, sasa sisi hatukupigiwa hesabu yoyote, ilitosha kwamba yeye ana ndevu.

Nyota moja nampa dada aliyefundisha mchana, kaishi Uingereza akilea wazee majumbani. Huyu sasa alikuwa anaongea vitu. Alisema kazi zenyewe huko zina jinsia, kulea wazee, usafi wa ndani, kukaa na watoto wanaitwa wanawake, Italia mpaka wana jina lao, badanti, na wengi wametoka Ukraine na Romania. Mashambani na kwenye ujenzi wanaitwa wanaume. Halafu serikali inapanga haki kwa ngazi ya kazi. Uingereza iliwafungulia walezi mlango Februari 2022, watu wakamiminika, tarehe 11 Machi 2024 wakaambiwa mlezi mpya haruhusiwi kuja na mume wala mtoto, tarehe 22 Julai 2025 wakaacha kabisa kuchukua walezi kutoka nje. Nesi aliyesajiliwa bado anaruhusiwa kwenda na familia, mlezi hapana. Sheria haijaandika neno mwanamke hata mara moja, ila kina mama ndo wengi kwenye kazi hiyo, basi mwiba umewachoma wao.

Mi nikamkumbuka babu, alichukuliwa manamba kwenda kukata mkonge Tanga, bibi akabaki Kasulu na watoto na jembe. Wakati ule aliyetakiwa ni mgongo wa mwanaume, sa hivi wanataka mikono ya mwanamke, aliyebaki na watoto ndo kabadilika.

Sasa cha ajabu, dada anatufundisha hayo yote na nyuma yake ukutani kuna bango la ofisi hiyo hiyo, "Uingereza, mlezi wa wazee, nenda na familia yako". Nilipouliza nikaambiwa bango la zamani, fundi hajaja kulitoa. Fundi wa nini, bango limebandikwa na gundi! Na kuna binti nilimwona asubuhi analipia huduma hiyo hiyo, mi mwenyewe ndo nilimfuata nje nikamwambia.

Halafu wakataka laki 3 "kuniunganisha na hospitali" Uingereza. Manesi wenzangu hapa muwe makini, Tanzania ipo kwenye orodha ya WHO ya 2023 ya nchi 55 zenye uhaba wa watu wa afya, na kwa taratibu za Uingereza mawakala hawatakiwi kuja kutuchukua huku, ila nesi mwenyewe akiomba moja kwa moja hakatazwi. Kiingereza chako, usajili wa NMC, baraza la manesi la kule, mtihani wa kompyuta, kisha ule wa vitendo ukishafika kule, ndo njia. Hiyo laki 3 ni ya nini?

Niliomba fomu nyingine nijaze mimi kama mkuu, wakanitoza elfu 10 ya karatasi. Mume wangu ndo alilipa huku anacheka, eti "mtegemezi wako huyu ana hela". Wakinirudishia hiyo elfu 10 na wakabandua lile bango, nitarudi hapa niongeze nyota.