Keki za pakiti au za kuoka nyumbani? Kabla hujalipa, kunywa maji baridi kwanza

Mwezi uliopita nilinunua kwini keki (zile keki ndogo za vikopo) za pakiti, pakiti 4 zenye keki 6 kila moja, pakiti shilingi 6,000, za kumpelekea binti yangu siku ya kutembelea watoto shuleni. Pakiti ilikuwa nzuri, ukiibonyeza unasikia keki ni laini, tarehe iko sawa, alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, ipo. Yaani yote tunayoambiwa tuangalie nilikuwa nimeyaangalia. Tukakaa kwenye nyasi, binti akala moja, akanywa maji ya chupa, halafu nikamwona anapitisha ulimi juu ya mdomo, anarudia, anarudia, kama mtu aliyekwamwa na kitu. Nikamuuliza mama vipi? Akanijibu, "Mama, hii keki haiondoki. Ni kama nimekula mshumaa."

Nikachukua moja nikala. Utamu upo, harufu ya vanila ipo, unameza vizuri, halafu ndiyo unagundua kaakaa lote limepakwa kitu. Nikapitisha kidole, kikatoka na utando mweupe unaoteleza kama mafuta ya kujipaka. Nikanywa maji ili usafike, banange, ndiyo ukakaza zaidi!

Kilichoniuma ni kwamba keki za namna hiyo nimezila miaka na miaka na sikuwahi kuliona hilo. Kwenye taksi ya kurudi Busia, mji wetu wa mpakani na Kenya, niliwaza njia nzima mpaka nikapata jibu, na jibu ni chai. Sisi watu wazima keki tunakula na chai ya moto. Chai inayeyusha ule utando unashuka tumboni kimyakimya, wewe unabaki unasifia keki. Mtoto shuleni saa kumi jioni hana chai, ana maji ya bomba au juisi, kwa hiyo yeye ndiye anayeila keki yenyewe ilivyo.

Sababu yenyewe ni rahisi. Ndani ya mdomo kuna joto la nyuzi kama 37. Siagi ya maziwa inayeyuka kwenye nyuzi 32 mpaka 35 hivi, kwa hiyo ikigusa ulimi imekwisha. Mafuta magumu ya viwandani, hasa yale yanayotokana na sehemu nzito ya mawese, mengine yanataka zaidi ya nyuzi 40 ndiyo yayeyuke, na mdomo wako kwa kawaida haufiki huko. Kwa hiyo yanajishika kwenye kaakaa yanakaa, na ukinywa maji baridi unayagandisha zaidi. Viwanda vinayapenda kwa sababu keki inasimama vizuri, haitoki jasho la mafuta kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), na inavumilia rafu miezi. Lakini hebu fikiria na wewe, kitu kinachokaa dukani Busia saa nane mchana bila kulegea, kitayeyukaje mdomoni?

Kwa hiyo humu sitaongelea sukari wala rangi, na zile E namba (namba za viungio vinavyotiwa kwenye chakula) ambazo watu wanatumiana kwenye WhatsApp kwa hofu sina shida nazo. E202 na E282 ni za kuzuia ukungu, E471 inashikanisha mafuta na maji, basi. Mimi naangalia utando tu, na hivi ndivyo ninavyopima: nunua keki moja, siyo pakiti nzima. Uile bila chai, hata ya vuguvugu. Tafuna polepole, meza, halafu kunywa funda 2 za maji ya friji, kisha pitisha ulimi juu. Kaakaa likiwa safi imepita. Likiwa linateleza, iache hukohuko hata kama pakiti ina picha ya malaika.

Sasa mpangilio wangu.

Namba moja ni ya kuoka mwenyewe kwa siagi ya maziwa, na siagi ninayoisema ni Jesa, sifichi. Ni siagi ya hapahapa Uganda na ina ule unjano wa maziwa. Ukiikata asubuhi kabla jua halijawaka unasikia kisu kinapita, na keki yake ukiinywea maji baridi hata ya barafu mdomo unabaki mdomo. Siagi ya kweli lazima iwe na mafuta ya maziwa asilimia 80 au zaidi, na kwenye orodha hutakiwi kukuta zaidi ya krimu na pengine chumvi. Kama umechukua ya chumvi, usitie chumvi nyingine kwenye unga. Kwa keki 24 natumia unga nusu kilo (natumia Azam, unapanda vizuri), siagi gramu 400, sukari gramu 400, mayai 8, na vijiko 4 vidogo vya beking pauda. Piga siagi na sukari mpaka iwe nyeupe na nyepesi, ukiona bado ni ya njano mkono haujachoka vya kutosha, endelea. Mayai tia moja moja. Huku kwetu kuna joto, siagi inalegea haraka ikawa mafuta kabla hujaipiga, kwa hiyo mimi naanza saa kumi na mbili asubuhi.

Oveni sina, naoka kwenye sigiri, yaani jiko la makaa. Sufuria kubwa, mchanga mkavu wa unene wa vidole 2 chini, funika, acha ipate moto kama robo saa, halafu panga vikopo vya keki juu ya mchanga, funika tena na weka makaa machache juu ya mfuniko. Hayo makaa ya juu ndiyo yanayoleta rangi, ukiyasahau utapata keki iliyoiva lakini nyeupe kama imeugua. Usifunue kabla ya dakika 15, hewa ikiingia katikati panazama. Zikifika 20 au 25 chomeka kijiti, kikitoka kikavu toa.

Gharama, tusidanganyane, siyo rahisi. Mara ya mwisho keki 24 zilinitoka kama 27,000, na siagi peke yake ilikula 16,000. Za pakiti 24 nilitoa 24,000. Mtu atasema si umeona, pakiti ni nafuu! Haya, nilichukua ile moja ya pakiti iliyobaki nikaipeleka kwa jirani anayeuza dagaa nikaomba mizani yake ndogo, gramu 38. Ya kwangu ikaja 64. Kwa hiyo kwa 24,000 nilipewa keki isiyofika hata kilo moja, na kwa 27,000 nilipata zaidi ya kilo moja na nusu, ya siagi na ya mayai, na nilikuwa naona kwa macho yangu kinachoingia.

Namba mbili ni keki ya bogoya (ndizi tamu za kula mbivu) na mafuta ya alizeti, na kwa mwenye watoto wengi hii ndiyo ningemwambia aanze nayo. Mafuta ya alizeti hayagandi kwenye joto letu, kwa hiyo utando hauwezi kutokea, hakuna cha kuganda. Alizeti tunayo, Lira na Lango yote wanalima. Angalia tu chupa iwe imeandikwa alizeti waziwazi, siyo "mafuta ya kupikia" peke yake, kwa sababu mengi ya hayo ni mawese, na ukiwa sehemu ya baridi kama Kabale asubuhi utayaona yameanza kuwa meupe ndani ya chupa. Bogoya 6 zilizoiva mpaka ganda lina madoa meusi, ziponde kwa uma, tia kikombe kimoja cha mafuta, sukari gramu 300, mayai 4, unga nusu kilo, beking pauda vijiko 4 vidogo. Hapa hakuna kupiga, koroga tu unga ukishapotea acha, ukikoroga sana inakuwa ngumu kama mpira. Kwangu ilitoka kama 13,500 pamoja na makaa. Na siku ya pili inakuwa nzuri kuliko ya kwanza, unyevu wa bogoya unaishika.

Namba tatu, bekari ndogo ya mtaani, keki ya siku hiyohiyo. Hapa inategemea mwokaji kabisa. Uliza swali moja tu, mnatumia mafuta gani? Akikuambia siagi, mwambie akuonyeshe pakiti, siyo dharau, pesa ni yako. Akikuonyesha ndoo kubwa nyeupe ya mafuta magumu, hiyo ni keki ileile ya pakiti isiyo na pakiti, heri urudi kwenye sigiri yako.

Namba nne ndiyo pakiti zenyewe, zetu na zile zinazovuka kutoka upande wa Kenya. Hapa Busia tunazo zote, unatembea dakika chache umebadilisha nchi. Majina ya keki sitaji, kwa sababu kiwanda kinaweza kubadilisha mafuta mwezi ujao na jina likabaki lilelile, soma pakiti iliyo mkononi mwako. Vitu huandikwa kwa mpangilio wa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Ukikuta "sunflower oil", yaani mafuta ya alizeti, una nafasi nzuri. Ukikuta "vegetable fat" (mafuta ya mimea) au "shortening" (mafuta magumu ya kuokea) bila kusema ya nini, ni karibu hakika utando upo. Ukikuta "partially hydrogenated" (mafuta yaliyogandishwa kiwandani kwa hidrojeni) rudisha kwenye rafu bila kufikiria, hayo ndiyo mafuta ambayo Shirika la Afya Duniani tangu 2018 linataka yaondolewe kwenye chakula kwa ajili ya moyo. Na alama ya Q au ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, itafute ndiyo, lakini ujue haikuambii chochote kuhusu kaakaa lako. Za krimu ndani ni mbaya mara mbili, maana ile krimu yenyewe mara nyingi ni mafuta magumu na sukari tu.

Za 500 za kwenye kaveera lisilo na jina, siwezi kukushauri.

Halafu wauzaji. Kuna duka nilinunua siagi nikafika nyumbani nikaifungua nikakuta matone ya maji pembeni na ndani ina chengachenga kama mchanga, maana yake iliyeyuka ikaganda tena. Nikarudi kuuliza, kijana akaniambia bila aibu kwamba usiku wanazima friji kupunguza bili. Sasa mimi nalipa bei ya siagi ya friji, na friji imezimwa! Siku hizi nabonyeza pembe za pakiti kabla ya kulipa, zikiwa zimelala au zimebonyea naacha. Kwingine wanatoa keki kwenye katoni wanazipanga kwenye dirisha jua la mchana linazipiga, ukiuliza tarehe wanakuambia ilikuwa kwenye katoni, na katoni imeshachomwa. Na bei ndiyo usiniulize. 2022 vita ya Ukraine ilipoanza ngano ikapanda dunia nzima, tukaelewa, maana ngano yetu karibu yote inatoka nje, hiyo ya Kapchorwa na Bukwo haitoshi. Lakini ngano ilipokuja kushuka kwenye soko la dunia, nani dukani kwenu aliwahi kukuambia mama, keki imeshuka? Badala yake keki ndiyo imekonda, na elfu moja ni ileile.

Na hii vanila. Mukono wanalima vanila, Bundibugyo wanalima, ua lake linafunguka siku moja tu na mkulima lazima alichavushe kwa mkono, moja baada ya jingine. Halafu keki zetu zote zinanukia chupa ya essensi ya dukani. Nenda ununue ganda moja tu kwa mtu unayemwamini. Wengine wanaliloweka kwenye waragi, nyumbani kwetu pombe haiingii, kwa hiyo nalipasua nalizika ndani ya kopo la sukari, nafunika wiki 2. Ganda moja linanitosha miezi, kila nikipunguza sukari naongeza nyingine juu.

Shida iliyobaki ni shule. Nyingi, na ya binti yangu ikiwemo, haziruhusu mtoto abaki na chakula cha kupika, kinachoruhusiwa ni cha pakiti iliyofungwa. Nawaelewa, hakuna mwalimu anayetaka watoto 40 waharishe usiku mmoja. Kwa hiyo nimekuwa nikinunua keki moja moja na kuzijaribu kwa maji ya friji, mpaka sasa aina 7, zilizopita ni 2, na zote 2 zimeandikwa mafuta ya alizeti. Siku ya kutembelea inayokuja, za siagi tutazila palepale kwenye nyasi, na atakazobaki nazo ni za hizo 2, pakiti nitaigeuza na kuisoma upya siku hiyohiyo ya kununua.