Kabla ya mbolea, nunua kipimo cha udongo: kipi kinafaa?

Wengi tunaoishi Dar na kulima Mkuranga, Kisarawe au Bagamoyo tunanunua mbolea kwa mazoea. Jirani kaweka DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi nyingi, nasi tunaweka DAP. Vipimo vya udongo vipo vya kila bei, ila havilingani hata kidogo. Hivi ndivyo ninavyovipanga.

Cha kwanza, tena kwa mbali, ni maabara. Ipo ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) kule Morogoro na ya TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano mkoani Tanga. Omba wapime pH (kiwango cha uchachu: ikishuka chini ya 7, udongo una uchachu), kaboni ya mboji, naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Udongo wetu wa Pwani mwingi ni kichanga, kwa hiyo omba pia uwezo wake wa kushika virutubisho. Ukiwa mdogo, mvua za masika zitaishusha Urea, mbolea ya naitrojeni, chini ya mizizi. Igawe mara mbili au tatu na uongeze samadi.

Lakini maabara hupima kile ulichokipeleka, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Fyeka majani ya juu, chimba shimo la sentimita 20, kisha kata kwa jembe kipande chembamba cha ukuta wa shimo, kutoka juu hadi chini. Rudia sehemu 15 hadi 20 ukitembea kwa kukata kona shamba zima. Ruka kichuguu, chini ya mwembe, palipokuwa na zizi na ulipochomea takataka, maana majivu hupandisha pH. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, anika kivulini, pima kama nusu kilo hivi. Usiiweke sampuli kwenye mfuko uliowahi kubeba mbolea. Bondeni na mwinukoni ni sampuli mbili tofauti.

Cha pili ni dawa ya kupima pH kwa rangi: unachanganya udongo na dawa, unalinganisha rangi na kadi. Haikwambii lolote kuhusu naitrojeni, lakini pH peke yake ni habari kubwa. Ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu huanza kuumiza mizizi na fosforasi hufungwa, hivyo DAP yako inaliwa na udongo. Hapo dawa ni chokaa ya kilimo.

Cha tatu, huduma ya skana ya mkononi, kifaa kinachosoma udongo papo hapo shambani, kutoka kwa bwana shamba. Majibu ni ya haraka, ila ni makadirio. Muulize kama kifaa kimelinganishwa na majibu ya maabara kwa udongo wa ukanda wetu. Akibabaika, achana naye.

Cha nne ni kile kijiti cha miguu miwili au mitatu kisicho na betri. Kwenye kichanga kikavu mshale wa pH mara nyingi husimama karibu na 7, udongo uwe na uchachu au usiwe nao. Kinafaa kuangalia unyevu wa bustani, basi.

Cha mwisho ni kijiti cha dijitali kinachodai kusoma NPK, yaani naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Vingi hupima jinsi umeme unavyopita udongoni, kisha hukisia virutubisho. Chumvi tu inaweza kukifanya kisome “rutuba”. Usikinunue.

Kwa masika ya Machi, peleka sampuli kabla ya Desemba. Majibu yakisema chokaa, inahitaji unyevu na wiki kadhaa ardhini kabla ya mbegu.